Kipimo Nacho Hupimwa

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, Makoongwe, Pemba
Maneno ya mwalimu kama yalivyosomwa katika redio

Kwa msimamizi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya manne, uyasome pamoja na wanafunzi mara mbili: protini, peptidi, kingamwili, kipimo. Somo likiisha, yako maswali matano ya kuzungumza.

  Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za kitu kidogo sana ambacho jicho halikioni. Ni kipande cha protini ya misuli, kilichoundwa na watu kwa mikono yao. Hakiliwi, wala si dawa. Kazi yake ni kumhoji shahidi. Shahidi gani huyo, na kwa nini ahojiwe? Sikilizeni taratibu.

1. Nyama nyekundu na nyama nyeupe

Nyinyi mnaoishi kisiwani mnawajua samaki kuliko mimi. Mkimpasua changu, nyama yake ni nyeupe. Mkimpasua jodari, nyama yake ni nyekundu, na ubavuni mwake iko sehemu iliyokoza mpaka inakaribia weusi. Sababu yake ni nini? Changu hukaa karibu na miamba. Huenda mbio kidogo, kisha akatulia. Jodari haachi kuogelea, usiku na mchana. Misuli yake haina mapumziko, na misuli inayofanya kazi hutaka oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uhai. Basi ndani ya misuli hiyo mna kitu chekundu kinachoishika oksijeni na kuiweka akiba. Jina lake ni mayoglobini.

Mayoglobini ni protini. Tazameni neno la kwanza ubaoni. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa protini. Kila protini ni kama mkufu wa shanga nyingi zilizotungwa, na shanga hizo huitwa amino asidi. Aina zake zinazotumika sana mwilini ni 20 tu. Lakini nyinyi mnaojifunza kusoma mnajua kwamba herufi ni chache na maneno ni mengi. Ndivyo ilivyo kwa protini: shanga za aina 20, zikipangwa mbali mbali, huzaa protini maelfu kwa maelfu. Mkufu ukiwa mfupi, wa shanga mbili, au kumi, au ishirini, huitwa peptidi. Hilo ndilo neno la pili ubaoni.

Mnyama mmoja aliye na mayoglobini nyingi ajabu ni yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa. Huzama chini ya bahari kupita mita 1,000, akakaa huko yapata saa nzima bila ya kuvuta pumzi, kwa kuwa akiba yake ya oksijeni imo ndani ya damu na misuli yake. Mwingereza John Kendrew, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, aliichagua mayoglobini ya nyangumi huyo ili alitafute umbo lake. Mwaka 1958 alionyesha umbo hilo, na hiyo ikawa protini ya kwanza duniani kujulikana umbo lake. Mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake Max Perutz. Mkufu wa mayoglobini ile una shanga 153. Nao haukunyooka, umejikunja juu ya nafsi yake, kama kamba ya nanga iliyorundikwa ndani ya dau. Iwekeni kamba hiyo katika fikira zenu, kwa maana tutaihitaji baadaye.

2. Askari wa damu

Sasa turudi nyuma kidogo, mpaka mwaka 1890, katika mji wa Berlin, Ujerumani. Mabingwa wawili, Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani, walikuwa wakichunguza ugonjwa wa pepopunda, ule unaokaza misuli ya mwili mpaka mtu hawezi kufungua kinywa. Waliona jambo kubwa. Mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda hupata kitu ndani ya damu yake kinachoishinda sumu hiyo. Tena maji ya damu yake, akitiwa mnyama mwingine, humkinga na huyo. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo kingamwili. Hilo ni neno la tatu.

Kingamwili ni kama askari mwenye mikono miwili. Kila namna ya askari hushika umbo moja tu analolijua, kama ufunguo na kufuli yake. Askari wa pepopunda hamshughulikii mdudu wa surua, na wa surua haijui pepopunda.

Aliyeuchunguza sana ushikaji huu ni daktari Karl Landsteiner wa Vienna. Ukipata kwenda hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani kumtolea damu ndugu yako, utapimwa kwanza kundi la damu yako. Elimu ya makundi hayo ya damu ni kazi ya Landsteiner, aliyoitangaza mwaka 1901, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Baadaye alihamia New York. Huko aliendelea kuuliza: je, kingamwili hushika kitu kizima, au hushika sehemu yake ndogo tu?

Jibu alilipata kwa njia ya werevu. Alichukua kipande kidogo kilichofanana na ile sehemu inayoshikwa, akakitia kwanza ndani ya maji yenye kingamwili. Kisha akaleta kitu kizima. Kingamwili haikukishika tena! Mikono yake ilikuwa imekwisha kujaa vipande. Mtu aliyeshika makasia mawili hawezi kudaka kamba anayorushiwa. Mwaka 1942 alionyesha jambo hilo hilo kwa hariri. Vipande vidogo vya hariri iliyovunjwa vilizizuia kingamwili zisishikane na hariri yenyewe. Mwaka uliofuata Landsteiner alifariki dunia.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la peptidi ya kuzibia, yaani kipande kinachoijaza mikono ya kingamwili.

3. Shahidi anayeweza kukosea

Mtu anaweza kuuliza: faida ya kuizibia kingamwili ni nini, hali ya kuwa kazi yake ni kutulinda?

Faida yake ni hii. Wataalamu waliona kwamba askari anayejua umbo moja tu anaweza kutumwa kazi ya kutafuta. Wakitaka kujua kama protini fulani imo katika kipande cha msuli, humchoma sungura sindano yenye protini ile, damu ya sungura ikatoa kingamwili, na kingamwili hiyo ikafungiwa rangi. Kisha humwagiwa juu ya msuli. Ikiikuta protini yake huishika, na alama ya rangi huonekana. Kwa njia hii kingamwili imekuwa shahidi. Inasema: "Imo," au inasema: "Haimo."

Lakini nyinyi wenyewe mnajua habari za mashahidi. Shahidi anaweza kumwona mtu jioni, akasema ni Fulani, kumbe ni ndugu yake waliofanana. Kingamwili nayo hufanya hivyo. Huweza kushika protini nyingine iliyofanana kidogo na ile inayotafutwa, na alama ikatokea pasipo haki. Mtaalamu akiiamini alama ile, ataandika kitabuni jambo lisilo la kweli, na daktari akilifuata, mgonjwa ndiye atakayelipa. Kwa hivyo shahidi lazima ahojiwe.

4. Kutunga shanga moja moja

Ili kumhoji shahidi, yafaa kiwepo kipande safi cha protini, chenye shanga zile zile kwa mpango ule ule. Kukikata kutoka katika mnyama ni kazi ngumu, na uchafu hukifuata. Bora kukiunda.

Mwaka 1901, Berlin, bingwa Emil Fischer aliunganisha amino asidi mbili, ikawa peptidi ndogo kuliko zote. Mwaka 1907 alifika shanga 18. Lakini kazi yake ilikuwa ya mashaka mengi, kwani baada ya kuunganisha kila shanga ilimbidi atenge na kusafisha upya, na kila mara sehemu ya mali yake ilipotea.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1963 na Mmarekani Bruce Merrifield, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Rockefeller, New York, taasisi ile ile ya Landsteiner. Fikira yake ni nyepesi, na kila mama aliyewahi kutunga shanga ataifahamu. Ukitunga shanga, hufunga fundo mwisho wa uzi ili zisiponyoke. Merrifield aliishikiza shanga ya kwanza juu ya chembe ndogo sana ya plastiki. Akaleta shanga ya pili ikashikana na ya kwanza, akaosha. Zilizozidi zikaenda na maji, mkufu ukabaki juu ya chembe yake. Akaleta ya tatu, akaosha. Ya nne, akaosha. Mwisho akaukata mkufu kutoka kwenye chembe, akaupata mzima. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku chache, na baadaye mashine ziliifanya kazi hiyo usiku na mchana. Mwaka 1984 Merrifield alipewa Tuzo ya Nobel.

5. Kuhojiwa kwa shahidi

Sasa tuurudie msuli wa nyangumi. Mwaka 1965, nchini Uingereza, M. J. Crumpton na J. M. Wilkinson waliikata mayoglobini ya nyangumi vipande vipande, wakaona kwamba baadhi ya vipande viliweza kuizibia kingamwili ya mayoglobini. Kufika mwaka 1975, mtaalamu M. Z. Atassi, nchini Marekani, alitangaza kwamba amezitambua sehemu tano za mayoglobini zinazoshikwa na kingamwili, kila moja ya shanga sita au saba hivi, na kwamba sehemu hizo alikwisha kuziunda kwa mkono. Hivyo protini ya msuli wa mnyama wa bahari ikawa darasa la dunia nzima.

Siku hizi kazi hii hufanywa katika maabara nyingi, nayo huendeshwa hivi.

Kwanza, wataalamu huchagua kipande cha protini ya msuli, shanga kama 15, wakakiunda. Kipande hicho ni kidogo mno, sungura hakijali. Basi hukifunga juu ya protini kubwa ili kionekane. Protini kubwa inayotumika mara nyingi hutoka katika damu ya mnyama mmoja wa gamba anayeganda miambani katika pwani ya California, Marekani. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu ina shaba badala ya chuma. Kisha sungura huchomwa sindano, na kingamwili hupatikana.

Pili, kingamwili hiyo hugawanywa mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu la kwanza huachwa kama lilivyo. Fungu la pili hutiwa peptidi ile ile kwa wingi, likaachwa mpaka mikono yote ijae.

Tatu, kila fungu humwagiwa juu ya kipande chake cha msuli, na vipande hivyo viwili vimetoka mahali pamoja. Sasa tazameni alama. Kwenye fungu la kwanza alama hutokea. Kwenye fungu la pili alama inatakiwa itoweke. Ikitoweka, tumejua kwamba kingamwili ilishika kwa mikono yake, kwa kulifuata umbo lile. Ikibaki, basi alama ile ni ya jambo jingine, na ushahidi wake haufai.

Je, alama ikitoweka, shahidi amekwisha kuwa mkweli kabisa? La, bado. Huenda ipo protini nyingine yenye kipande kilichofanana, na kingamwili ikaishika hiyo kwa mikono ile ile. Alama ya uongo nayo itatoweka pamoja na ya kweli. Kwa hivyo yafaa kumwongeza shahidi swali la pili: apelekwe kwenye msuli ambao kwa yakini hauna protini ile, tuone kama atanyamaza.

Na sasa ikumbukeni kamba ya nanga ndani ya dau. Kamba ikirundikwa, sehemu mbili zilizo mbali hukutana na kugusana. Kingamwili nyingine hushika mahali pa namna hiyo, panapopatikana tu wakati mkufu umejikunja. Wataalamu wa miaka ya 1980 walilionyesha jambo hili kwa mayoglobini ile ile. Kipande kifupi kilichonyooka hakiwezi kuizibia kingamwili ya namna hiyo. Kipimo kizuri kina mpaka wake, na mwenye elimu huujua mpaka huo.

6. Moyo na mguu

Mtasema hayo ni mambo ya nyangumi na sungura. Yako pia ya watu. Misuli ya moyo ina protini iitwayo troponini. Moyo ukipata shambulio, sehemu ya msuli wake hufa, na troponini huvuja ikaingia katika damu. Mwaka 1989, bingwa Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza kipimo cha damu cha kuitafuta troponini hiyo kwa kutumia kingamwili. Kilikuwa kipimo cha faida kubwa, na mpaka leo madaktari wa duniani kote hupima troponini.

Lakini misuli ya miguu na mikono nayo ina troponini yake, iliyo ndugu wa ile ya moyo. Kingamwili ya kipimo cha kwanza iliweza kuishika kidogo na hiyo pia. Mtu aliyeumia vibaya misuli ya mguu aliweza kuonekana kama aliyeumia moyo. Wataalamu walilitambua kosa hilo kwa kukihoji kipimo chao wenyewe, na katika miaka ya 1990 wakatia kingamwili nyingine inayoijua troponini ya moyo peke yake. Kosa lisingejulikana kama wangekiamini kipimo bila ya kukipima.

7. Peptidi iliyofika Idete

Nchini kwetu Tanzania peptidi iliyoundwa na watu imekwisha kufika, tena ilikuja kwa tumaini kubwa. Nchini Kolombia, Amerika ya Kusini, daktari Manuel Patarroyo aliunda peptidi iliyofuata vipande vya protini za kimelea cha malaria. Akaiita SPf66, na habari zake zilienea tangu mwaka 1988. Fikira ilikuwa kwamba mwili wa mtoto, ukikiona kipande, utatengeneza kingamwili, na kingamwili hiyo itakishika kimelea chenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo hiyo ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, katika bonde la Kilombero, mahali ambapo malaria haikupumzika mwaka mzima. Waliokamilisha sindano tatu ni watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja mpaka mitano. Wataalamu walifanya kama tulivyosoma: waliwagawa mafungu mawili. Fungu moja lilipata chanjo, fungu la pili lilipata sindano isiyo na peptidi ile. Wazazi hawakujua mtoto wao yumo fungu gani, wala wachomaji hawakujua.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Malaria ilipungua kwa asilimia 31 katika fungu la chanjo. Lakini hesabu zilionyesha pia kwamba ukweli unaweza kuwa popote tangu karibu na sifuri mpaka nusu. Basi kazi ikarudiwa. Gambia, mwaka 1995, faida ilikuwa ndogo mno. Thailand, mwaka 1996, haikuonekana. Na huko huko Kilombero, kwa watoto wachanga 1,207, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999 yalikuwa asilimia 2 tu, yaani ni kama hakuna. SPf66 ikaachwa.

Watoto walitengeneza kingamwili za kipande kile. Lakini kukijua kipande si kukishinda kimelea. Kama lisingekuwapo fungu la pili, nani angejua? Chanjo ingeenezwa, wazazi wangelala bila ya wasiwasi, na watoto wangeendelea kufa. Wazazi wa Idete waliotoa watoto wao katika kazi ile waliipa dunia jibu la kweli, ijapokuwa halikuwa jibu tulilolitamani. Na njia haikufungwa. Chanjo nyingine, yenye sehemu ya protini ya kimelea hicho hicho, ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023. Watoto wa Tanzania wamo katika waliozijaribu zote mbili.

8. Vistari viwili vya kusoma

Tumalize na jambo la kutumia nyumbani. Wengi wenu mmepimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka. Mhudumu hutoboa kidole, akaweka tone la damu juu ya kipande kidogo cha plastiki, akangoja. Ndani yake mna kingamwili zinazoitafuta protini ya kimelea cha malaria. Sasa kwa kuwa mnajua herufi, tazameni. Katika vingi vya vipimo hivyo zimeandikwa herufi mbili, C na T.

Kistari kikitokea kwenye T na kwenye C, protini ya malaria imeonekana. Kikitokea kwenye C peke yake, haikuonekana. Lakini kwenye C pasipotokea kitu, kipimo kimeharibika. Hata kama T ina kistari, hakifai. Yatakiwa kipimo kipya. Herufi C ndiyo inayomhoji shahidi. Inatwambia kama askari wetu wamefanya kazi au wamelala. Jamaa yake ni lile fungu la pili la maabara, na lile fungu la pili la Idete.

Kwa hivyo mama anapompeleka mtoto mwenye homa, na aombe kwa adabu kukiona kipimo. Asome C kwanza, kisha asome T. Ni haki yake, na wahudumu wazuri hufurahi kuulizwa.

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu walisema: kuuliza si ujinga. Nasi tuongeze kwamba kipimo kisichoulizwa kinaweza kutufanya wajinga. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini nyama ya jodari ni nyekundu, na ya changu ni nyeupe?
2. Peptidi ya kuzibia hufanya nini kwa kingamwili? Eleza kwa mfano wako mwenyewe, usiotoka katika somo.
3. Alama ikitoweka baada ya kutia peptidi, tumejua nini? Ni jambo gani bado hatujalijua?
4. Kwa nini watoto wa Idete waligawanywa mafungu mawili? Ungekuwa mzazi, ungekubali? Toa sababu zako.
5. Andika ubaoni herufi C na T. Mwonyeshe mwenzako kistari kikiwa C peke yake, kikiwa zote mbili, na kikiwa T peke yake. Kila mara aseme maana yake.